Ali yupi? Barua kwa mwanangu

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma, na mama yako ameisoma baada yangu, kisha tumeibishania. Unasema mumeo anataka mtoto akizaliwa wa kiume aitwe Ali, kwa kumkumbuka marehemu Bamkubwa wako, nawe unaona jina hilo limezidi kuenea, kwamba darasani wataitika akina Ali watatu au wanne kwa pamoja na mwalimu hatajua amemwita nani. Umeniuliza, je, Ali si jina la kawaida mno?

Ni la kawaida, na sitabishana nawe kwa hilo. Lakini katika maisha yake yote Bamkubwa wako hakuwahi kusumbuliwa na wingi wa akina Ali. Kilichomsumbua ni swali moja aliloulizwa tangu akiwa mchanga asiyeweza kulijibu: Ali yupi?

Habari ya Ng'ambo unaijua, ila nadhani umeisikia kwa bibi yako, ambaye aliisimulia kama kichekesho, na mimi sijapata kuiona hivyo. Bamkubwa wako alizaliwa miezi michache baada ya uchaguzi wa Julai 1957, ule ambao Abeid Amani Karume alimshinda Ali Muhsin Barwani, kiongozi wa chama cha Hizbu, katika jimbo hilohilo la Ng'ambo tulimoishi. Zilikuwa zama za siasa. Watu walisusiana maduka, walisusiana mabasi, na hata mazishi ya jirani yalikuwa na chama, huyu Hizbu na yule Afro-Shirazi. Katika hali hiyo babu yako, fundi cherehani aliyewashonea kanzu watu wa pande zote mbili, anapata mtoto wa kiume na kumwita Ali. Mtaa mzima ukaamua kwamba fundi ametangaza chama chake. Wateja wakaanza kuja mmoja mmoja kuchukua vitambaa vyao ambavyo havijakatwa. Bibi yako alimsihi aseme tu kwamba mtoto ameitwa kwa jina la Sayyidna Ali bin Abi Talib, yule wa upanga wa Dhulfakari katika tenzi za vita ambazo yeye mwenyewe alizihifadhi kwa moyo, kwa sababu hakuna Mwislamu wa chama chochote ambaye angelikataa jibu hilo. Babu yako hakutaka. Kila alipoulizwa ni Ali yupi, alijibu, "Ali wangu," akaendelea kukanyaga cherehani.

Bibi yako alicheka alipofika hapo. Mimi najiuliza mpaka leo kama ulikuwa ushujaa au ukaidi, maana watoto wake walilala na uji mtupu kwa sababu ya maneno mawili. Kisha najijibu kwamba angesema lile jibu la salama, wangemtafutia swali jingine.

Kwa hiyo ninachokiamini, na ambacho umenisikia nikikisema mara nyingi kiasi cha kuchoka, ni kwamba jina la watu wengi halina deni. Mtoto ukimwita Barghash, umemfungia mtu mmoja mahususi shingoni, na kila atakapokwenda atapimwa kwa kipimo cha yule Sultani aliyejenga Beit al-Ajaib. Ukimwita Ali, humfungii yeyote, kwa sababu akina Ali waliopita ni wengi mno, na hawafanani hata kidogo.

Hebu watazame. Wapo wa Kilwa, kuanzia yule Ali bin al-Hasan ambaye masimulizi yanasema alikinunua kisiwa kwa nguo za kutosha kukizunguka, na ambaye jina lake limechorwa kwenye vijisarafu vya shaba ambavyo bado vinafukuliwa katika pwani yetu. Sitaki kukaa sana hapo, kwa sababu habari za nguo zina ladha ya hadithi, ila sarafu ni sarafu. Yupo Sultani Ali bin Said, aliyetawala Unguja kuanzia 1890 hadi 1893. Katika mwaka wake wa kwanza alitia saini amri ya Agosti mosi ya kupiga marufuku biashara ya watumwa, na mwaka huohuo nchi ikawa chini ya himaya ya Waingereza, na Wajerumani wakaichukua pwani ya bara moja kwa moja kwa kulipa fidia ya mark milioni nne. Baada yake, wakati wa Ali bin Hamud, mambo yakawa mengine kabisa: kijana aliyesomeshwa Harrow, Uingereza, akakalishwa kwenye kiti mwaka 1902 akiwa na umri wa miaka 18 tu, akajiuzulu mwaka 1911 akiwa Ulaya, akafia Paris mwaka 1918. Sultani aliyechoka kuwa sultani! Huyo siku zote nimemwonea huruma kuliko ninavyomlaumu, ingawa mama yako anasema mtu aliyelelewa kwa jasho la wengine hahitaji huruma ya mwalimu mstaafu.

Basi niambie, kati ya hao, mtoto wako angedaiwa na yupi?

Lakini hapa najipinga mwenyewe, kwa sababu yupo Ali mmoja anayeivunja hoja yangu, na ndiye ambaye Bamkubwa wako alimpenda kuliko wote. Tazama jinsi tarehe zinavyokaribiana. Januari 12, 1964 yalifanyika Mapinduzi, na Ali Muhsin, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Nje kwa mwezi mmoja tu, akaingia kizuizini ambako angekaa miaka mingi. Februari 25 ya mwaka huohuo, kijana wa Louisville aitwaye Cassius Clay alimpiga Sonny Liston, na mwezi uliofuata dunia ikaambiwa kwamba jina lake ni Muhammad Ali. Sisi wakati huo tulikuwa tumekwisha kuvuka bahari kuja Dar es Salaam. Bamkubwa wako alikuwa mtoto wa miaka sita, na jina lililomfukuzia baba yake wateja sasa lilikuwa jina la bingwa wa dunia.

Huyu hakupewa jina akiwa mchanga asiyejua lolote. Alilipokea akiwa mtu mzima, akalidai. Mwaka 1967, huko Houston, bondia mwenzake Ernie Terrell alipokataa kumwita kwa jina hilo na kuendelea kumwita Clay, Ali alimpiga raundi 15 huku akimuuliza, "Jina langu nani?" Mwaka huohuo alikataa kwenda vitani Vietnam akavuliwa ubingwa. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwambia kwamba jina halina deni, kwa sababu yeye alilipa, na alilipa kwa miaka ya ujana wake ulingoni. Na ajabu yake, lile jina alilolitupa akiliita la kitumwa, awali lilikuwa la Mzungu wa Kentucky aliyepigania kukomeshwa kwa utumwa, ilhali miongoni mwa wenye jina alilolipokea yumo Sultani wetu aliyepiga marufuku biashara ya watumwa na kuuacha utumwa wenyewe uendelee. Nilipomweleza Bamkubwa wako jambo hilo, alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniambia nisome kidogo na nile zaidi.

Muhammad Ali alipomwangusha Foreman Kinshasa, Oktoba 30, 1974, saa kumi alfajiri kwa saa zao, kwetu kumekucha, Bamkubwa wako alikuwa kijana, na kwa wiki nzima hakuna aliyemwita ila kwa kurusha ngumi hewani kwanza. Wala hakuwa mpigana. Alikuwa mwembamba kama unavyomwona kwenye picha ya harusi yetu.

Sasa nifike mahali panaponiuma. Februari 1980 Muhammad Ali alikuja Dar es Salaam. Alitumwa na Rais Carter kuishawishi Afrika isusie michezo ya Olimpiki ya Moscow, kwa sababu Wasovieti walikuwa wameingia Afghanistan. Bamkubwa wako alikuwa ameanza kazi ya winchi bandarini, na alibadilishana zamu na mwenzake ili anichukue mimi, mwanafunzi wa sekondari, twende kando ya Barabara ya Pugu kumlaki somo wake. Alivaa shati lake la Idi. Magari yalipita, na hatukujua amepanda lipi, kwa hiyo alilipungia mkono kila gari lililokuwa na vioo vilivyofungwa, akiita, "Somo! Somo!" Watu walicheka, naye akacheka pamoja nao. Sikumbuki siku nyingine niliyomwona na furaha ya namna ile, hata siku ya ndoa yake.

Kisha tukasikia kwamba Mwalimu Nyerere amekataa kuonana naye. Nchi yetu ilikuwa na hoja, na hoja yenyewe ilikuwa nzito: mwaka 1976 Afrika iliisusia Montreal kwa sababu ya uhusiano wa New Zealand na Makaburu katika raga, Filbert Bayi akakosa mbio zilizosubiriwa na ulimwengu mzima, na Marekani haikutuunga mkono. Iweje leo watutumie bondia kutuambia tususe kwa ajili yao? Waandishi wa habari walimuuliza mwenyewe maswali ya aina hiyo, naye akaonekana wazi kwamba hakuelezwa vya kutosha kabla ya kupanda ndege. Mwalimu alikuwa na haki. Nilisema hivyo wakati ule na nasema hivyo leo, na Moscow tulikwenda, tukarudi na medali mbili za fedha, ya Bayi katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji na ya Suleiman Nyambui katika mita 5,000.

Lakini Bamkubwa wako hakutaka kusikia habari ya haki. Bandarini walimsubiri. Kila aliyepita chini ya winchi alimpigia kelele akimuuliza kama somo wake ameshapata mtu wa kumpa ujumbe. Walimwita Ali Tarishi. Jioni moja alirudi nyumbani akamuuliza babu yako, mbele yetu sote, swali ambalo nilidhani hatalithubutu: "Baba, ulinipa jina la Ali yupi?" Babu yako alikuwa anatia uzi kwenye sindano. Hakuinua macho. Akasema, "Ali wangu."

Bamkubwa wako akatoka nje. Nilidhani amekasirika, na labda alikasirika. Mpaka babu yako anafariki hakuuliza tena, na mimi, niliyekuwa na nafasi nyingi za kuuliza kwa niaba yake, sikupata jibu jingine. Inaniuma kwamba mtu anaweza kubeba kitu umri mzima bila kuambiwa kimetoka wapi. Halafu upande mwingine wa moyo wangu unasema kwamba aliambiwa, tena mara mbili, na kwamba hakuna jibu lililo kamili kuliko lile. Sijaamua.

Yaliyofuata unayajua. Jina la utani la Tarishi lilikufa lenyewe, akabaki Ali Winchi, na kwa jina hilo alizikwa. Novemba 1985 Ali Hassan Mwinyi alipokuwa Rais, watu walianza tena, sasa wakimuuliza kwenye foleni ya sukari kama ni ruksa kupita mbele. Kwa Ali huyo hakuona haya hata kidogo. Alipenda kutukumbusha kwamba kabla ya kuwa Mzee Ruksa, mtu huyu aliwahi kuacha uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu ya mauaji yaliyofanywa na maofisa wa dola mkoani Shinyanga, ambayo yeye mwenyewe hakuyatenda wala kuyaagiza. Mwinyi alipofariki Februari 29, 2024 na kuzikwa Mangapwani, Bamkubwa wako alikuwa tayari mgonjwa, lakini aliomba awekewe redio karibu.

Tazama lakini: Muhsin, yule msomi Ali Mazrui wa Mombasa, Mwinyi, Winchi. Hakuna hata mmoja aliyetosheka na Ali peke yake. Kwa hiyo wasiwasi wako wa darasani usikusumbue, kwa kuwa watoto wenyewe watamtafutia jina la pili kabla mwalimu hajafunga daftari la mahudhurio, na hilo la pili wewe na mumeo hamtalichagua. Hapo ndipo ninaporudi kwenye imani yangu kwamba jina la watu wengi halina deni, ingawa nimekwisha kukutajia mtu aliyelilipia na mwingine aliyedaiwa bila kukopa, na mwanasheria mzuri angenishinda kwa ushahidi wangu mwenyewe.

Unataka niseme ndiyo au hapana. Sitasema. Kauli ya kwanza ni ya upande wa baba wa mtoto, na mkwe wangu ana mama aliye hai ambaye lazima aulizwe kabla yangu. Ningekuwa na kauli, ningesema, lakini sina, na wewe unajua vizuri ningesema nini. Naomba jambo moja tu, kwamba mkimpa jina hilo, siku ya akika atakapotokea mtu wa kuuliza ni Ali yupi, mwenye kujibu awe mumeo, si mimi.

Na akiwa wa kike, mjadala wote huu umekwisha, maana mama yako ana jina lake tayari na amenikataza kuliandika humu.

Akupendaye,
Baba yako