Una shahada ya sayansi ya bahari, ufadhili wa kwanza uombe wapi?

Mkuu, umeuliza kama mtu mwenye shahada ya kwanza tu, bila chapisho wala ajira, anaweza kupata ufadhili wa utafiti wa bahari. Anaweza, ila aanzie karibu. Wengi wanakimbilia programu za Ulaya wakiwa hawana data hata moja ya kuonyesha.

Anza na WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari wa Magharibi mwa Bahari ya Hindi, pale Zanzibar. Ruzuku zao za utafiti wa bahari, ziitwazo MARG, ziko tatu: ya kwanza ni ya utafiti, ya pili ya kwenda kujifunza kwenye taasisi nyingine, ya tatu ya kuwasilisha kazi mkutanoni. Lenga ile ya kwanza, maana ndiyo inayokuachia data yako mwenyewe.

Andiko la kuomba ruzuku huanguka kwenye swali la utafiti. "Athari za tabianchi kwa nyasi bahari" ni pana mno. Uliza hivi: je, nyasi zilizo jirani na mashamba ya mwani zimepungua kuliko zile za mbali? Kisha onyesha utakavyopima: kamba tatu za mita 50, zikiachana mita 25, na kwadrati, yaani fremu ya mraba ya kupimia, ya sentimita 50 kwa 50 kila mita 5. Ukianzia sifuri unapata kwadrati 11 kwa kamba, 33 kwa eneo zima. Zidisha kwa idadi ya maeneo, na hapo bajeti ya mafuta ya boti na posho inajitokeza yenyewe.

Mpango kazi ufuate bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa sana. Ukiweka vipimo siku za maji mafu, ambapo kupwa ni kudogo, bahari haitoki vya kutosha, na mhakiki anayeijua pwani ataliona hilo mara moja. Acha pia siku za akiba bahari ikichafuka kwa upepo wa kusi, na muda wa kusubiri kibali cha utafiti. Kwa Kenya hutolewa na NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu.

Ukishapata data, omba POGO-SCOR, ufadhili wa mafunzo wa mashirika mawili ya kimataifa ya sayansi ya bahari: mwezi 1 hadi 3 kwenye taasisi ya nje. Unahitaji taasisi ya nyumbani inayokutambua na mwenyeji aliyekubali kukupokea, kwa hiyo hata kujitolea maabara kwa barua rasmi kuna thamani kubwa. Unapomwandikia mwenyeji, mtajie data uliyonayo, mbinu moja unayotaka kujifunza na miezi unayoweza kwenda. Barua ya "naomba nafasi yoyote" haijibiwi. Kama utabeba sampuli, ulizia vibali vya kuzitoa nchini kabla hujakata tiketi.

Msimamizi wako mpelekee andiko na tarehe ya mwisho mapema. Barua ya mapendekezo iliyoandikwa usiku wa mwisho hutoka ya jumla, na hiyo haikusaidii.