Shimo jeusi linapataje joto ilhali halitoi kitu? Jibu langu refu

Ndugu uliyeanzisha uzi, umeuliza mambo mawili. Kama shimo jeusi humeza hata mwanga, linawezaje kuwa na halijoto na kung'aa? Na je, ile hadithi ya chembe pacha zinazozaliwa ukingoni mwa shimo, moja inadumbukia na nyingine inaponyoka, na shimo likapungua, ndiyo maelezo yenyewe? Nitaanza na hilo la pili, maana liliwahi kuniaibisha.

Nafundisha fizikia katika sekondari moja karibu na Maseno, si mbali na ule mnara wa ikweta. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye klabu ya sayansi, niliichora hadithi hiyo ubaoni kwa madaha. Msichana wa kidato cha tatu akainua mkono: "Mwalimu, iliyoingia si inaongeza uzito? Mbona shimo lipungue?" Nikasema inayoingia ina nishati hasi, yaani chini ya sufuri. "Na mbona kila mara ni ya hasi inayoingia? Haitoki hata siku moja?" Kengele ya chakula ndiyo iliyoniokoa.

Nilirudi nyumbani nikaanza upya, safari hii nikipitia kwenye joto, si kwenye chembe. Nawe nakushauri upite huko huko.

Mimina chai ya moto kwenye maji baridi. Kuvitenganisha tena huwezi. Mvurugiko umeongezeka, na kipimo chake ndicho entropia. Sheria ya pili ya themodinamiki inasema entropia ya jumla haipungui. Sasa mwanafizikia John Wheeler, pale Chuo Kikuu cha Princeton, alimchokoza mwanafunzi wake Jacob Bekenstein: nikichanganya chai ya moto na ya baridi nimetenda kosa, lakini nikivitupa vikombe ndani ya shimo jeusi, ushahidi si umepotea?

Mwaka 1972 Bekenstein akaja na jibu. Shimo lenyewe lina entropia, na inalingana na eneo la upeo wake, yaani ule mpaka ambao ukishauvuka huwezi kurudi. Aliegemea kazi ya Stephen Hawking ya 1971 iliyoonyesha kwamba eneo hilo halipungui. Eneo, jamani, si ujazo! Ni kama uambiwe mahindi yako hayapimwi kwa gorogoro, yanapimwa kwa ukubwa wa kitambaa cha gunia. Nimesoma hesabu yake mara nyingi na bado hunishangaza.

Hawking hakufurahi. Chenye entropia na nishati sharti kiwe na halijoto, chenye halijoto sharti king'ae, na shimo jeusi haling'ai. Mwaka 1973 yeye, James Bardeen na Brandon Carter waliandika sheria nne za mashimo meusi, zinazofanana na zile za themodinamiki kama shilingi kwa ya pili, kisha wakasisitiza kuwa ni mfanano tu. Mwaka uliofuata Hawking akaingiza kwanta, yaani fizikia ya vitu vidogo mno, kwenye hesabu, na shimo likang'aa. Aliyetaka kumkanusha Bekenstein akawa shahidi wake.

Hesabu yenyewe ni ya nadharia ya nyuga za kwanta. Humo chembe si punje. Ni mtetemo wa uga, kama sauti ilivyo mtetemo wa uzi wa nyatiti. Ombwe, yaani nafasi tupu, ni hali ambapo nyuzi zote zimetulia kadiri kwanta inavyoruhusu. Lakini kusema uzi umetulia kunahitaji saa: mitetemo unaihesabu kwa sekunde za nani? Kabla nyota haijaporomoka, aliye mbali anapima kwa saa yake na kuona utulivu. Nyota ikiporomoka, mawimbi yaliyopita ukingoni kabisa mwa upeo unaozaliwa hutoka yakiwa yamevutwa mno. Kwa saa ile ile, utulivu wa jana si utulivu tena. Anapokea chembe, na mpangilio wa nishati zake ni ule wa kitu chenye joto.

Na hapa ndipo picha ya pacha inaponishinda. Shimo lenye masi ya jua letu lina kipenyo cha kilomita 6 hivi. Wimbi la kawaida la mnururisho wake, yaani huko kung'aa kwake, lina urefu wa karibu kilomita 47, kama mwendo wa Kisumu hadi Kakamega. Kitu kikubwa hivyo utasemaje kimezaliwa kwenye nukta moja ukingoni?

(Mwanafizikia William Unruh alionyesha mwaka 1976 kwamba hata bila shimo, anayeongeza kasi mfululizo huliona ombwe lina joto. Kwa matatu inayong'oka Kondele kwa fujo, joto hilo ni kama kelvini (digrii zinazohesabiwa kuanzia baridi kuu kabisa) sufuri nukta, sufuri 19, kisha 1. Jasho la mle ndani lina sababu nyingine.)

Halijoto ya shimo hilo la masi ya jua ni sehemu 62 tu za bilioni ya kelvini. Anga yenyewe ina kelvini 2.7, kwa hiyo leo shimo linapokea joto jingi kuliko linavyotoa. Kubwa zaidi ni baridi zaidi: lile la katikati ya galaksi yetu, lenye masi ya majua kama milioni 4, gawanya halijoto hiyo kwa milioni 4. Likipoteza nishati, linapanda joto, jiko linalowaka zaidi kadiri makaa yanavyoisha. Kwa ubaridi huo wote, mnururisho huu haujaonwa kutoka shimo lolote la angani. Kilichopimwa ni lile eneo la upeo: mwaka 2021 watafiti waliyachambua mawimbi ya mvutano (mitikisiko ya nafasi yenyewe) ambayo mitambo ya LIGO iliyanasa mwaka 2015, mashimo mawili yalipoungana, wakakuta eneo halikupungua, kwa uhakika wa asilimia 95.

Yule msichana nilimpelekea jibu lake muhula uliofuata. Ndani ya upeo, wakati na nafasi hubadilishana majukumu, hivyo nishati hasi ina mahali pa kuishi, nje haina. Akaandika, kisha akaniuliza kwa nini sikuanzia hapo.