Ukichukua faili, lirudishe kabla ya kwenda likizo

Wewe uliyeajiriwa juzi, siku moja utafungua maktaba ya nyaraka kwenye SharePoint, mfumo wa Microsoft wa kuhifadhi na kushirikiana nyaraka za ofisi mtandaoni, ukute mkataba una kialama cha mshale pembeni. Usikimbilie watu wa TEHAMA. Mwenzako amelichukua faili ili alihariri peke yake. Weka kishale juu ya alama hiyo, utaliona jina lake. Kusoma utasoma, ila unachosoma ni toleo lililorudishwa mara ya mwisho. Anachoandika yeye sasa hukioni.

Kulichukua ni rahisi: vitone vitatu mbele ya jina la faili, kisha Check out. Tabu iko kwenye kurudisha, yaani Check in. Kuhifadhi si kurudisha, wala kufunga Word si kurudisha. Ukifunga, Word yenyewe hukuuliza kama unataka kulirudisha, na mtu anayewahi daladala saa kumi na moja jioni hubonyeza Hapana bila kusoma. Kesho yake yuko likizo Tanga, simu haipatikani, na ofisi nzima inausubiri mkataba. Msimamizi mwenye ruhusa anaweza kumrudishia kwa nguvu, au kufuta kabisa uchukuaji wake. Ombeni hilo la kwanza, maana kufuta huondoa na mabadiliko yote aliyokwisha kuyahifadhi.

Mkanganyiko mwingine huwapata sana wapya. Umepandisha faili, wewe unaliona, bosi anasema halipo. Kwenye maktaba inayolazimisha kuchukua kabla ya kuhariri, faili jipya linaweza kubaki mikononi mwako, na mpaka ulirudishe mara ya kwanza, wenzako hawalioni hata jina. Mnaweza kubishana nusu saa, na wote mnasema kweli.

Kuna wakubwa wanaopenda kulazimisha utaratibu huu kwenye kila maktaba. Mimi siungi mkono. Ukiulazimisha, watu wawili hawawezi tena kuandika pamoja kwenye faili moja, na rasimu ya ripoti ya robo mwaka inahitaji hasa hilo. Uacheni kwa mikataba, sera na fomu rasmi.

Unaporudisha, kuna kisanduku cha maelezo. “Nimerekebisha” haimsaidii mtu. Andika “kifungu cha 7, tarehe ya malipo imebadilishwa”, ili anayetafuta toleo la zamani asilazimike kufungua yote kumi na mawili.