Kalathea ndefu ndani ya nyumba: usisugue chini ya jani

Nilipogeuza jani la kalathea yangu, mmea wa mapambo wa chunguni, kwa mara ya kwanza nikaona unga mweupe, nilidhani ni ukungu. Nikachukua kitambaa kibichi nikasugua. Unga ukatoka kweli, lakini jani likabaki na michirizi ya kijani ambayo haikufutika mpaka lilipozeeka nikalikata. Kumbe ile ni nta ya mmea wenyewe! Calathea lutea, yaani hii kalathea ndefu, ndivyo ilivyo: juu kijani, chini kama imepakwa chokaa. Vumbi lipanguse upande wa juu tu.

Kwao ni kuanzia Mexico hadi Amerika ya Kusini, kandokando ya mito na kwenye ardhi yenye majimaji, ambako hufikia mita 3 au zaidi. Kwa hiyo ina kiu kuliko ndugu zake wafupi. Mimi hutia kidole kwenye udongo. Juu pakianza kukauka, namwagilia mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha sahani naimwaga. Udongo uwe na unyevu, lakini mizizi isikae ndani ya maji yaliyotuama, itaoza.

Angalia pale kikonyo kinapokutana na jani. Pana kifundo kidogo kilichovimba. Seli zake hujaa maji na kuyatoa, na ndizo zinazoinua jani jioni na kulilaza asubuhi. Lakini ukiona majani yamejikunja kama bomba mchana kweupe, hiyo ni kiu, usisubiri jioni.

Kingo kuwa kahawia mara nyingi ni hewa kavu, au chumvi za maji ya bomba na mbolea iliyozidi. Kupulizia maji majani hakusaidii sana, unyevu wake hupotea upesi. Mimi niliisogeza karibu na mimea mingine, nikaanza kukinga maji ya mvua, na majani mapya yakatoka safi. Yale ya zamani hayaponi.

Mwanga uwe mwingi lakini uliochujwa, jua kali la moja kwa moja huyaunguza. Chungu kiwe kizito, maana mmea mrefu huelemea upande wa dirisha. Kizungushe kila wiki.

Jani jipya huja limeviringwa kama mkeka. Hewa ikiwa kavu hukwama katikati, na mkono hukuwasha kulisaidia. Liache. Ukilivuta litachanika, na mpasuko huo utaishi nao muda wote jani litakapokuwepo.