Usisubiri mama alie ndipo uombe dawa

Pole sana, dada. Umeuliza kama ukubali mama yako aanzishiwe mofini, ile dawa kali ya maumivu, hapo wodini, maana ndugu wanasema mtu akishapewa hiyo ndiyo basi tena. Kubali. Mimi nilimuuguza mama yangu saratani ya shingo ya kizazi, na maneno hayo kwetu yalisemwa vilevile. Baada ya kuanza kuinywa alirudi kula, akawa anamsuka mjukuu wake nywele.

Tulikosea kabla ya hapo. Wodi ya kwanza walimpa dawa ya maumivu akilalamika tu, na mama hakuwa mtu wa kulalamika. Daktari akipita asubuhi: "Hujambo mama?" "Sijambo, mwanangu." Linaandikwa hajambo, wakati usiku kucha nimemwona ameuma kanga asipige kelele.

Tulipohamishiwa hospitali yenye kitengo cha tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa maumivu na mateso, muuguzi alimwambia aonyeshe kwa vidole: ngumi ni hakuna maumivu, vitano ni hayavumiliki. Mama akanyoosha vinne. Nililia. Akaandikiwa mofini ya maji kila baada ya saa 4, iwe anaumwa au haumwi, kwa sababu maumivu yakishapanda ni kazi kuyashusha. Dozi ya saa 4 usiku daktari aliiandika maradufu ili asiamshwe saa 8. Siku mbili tatu za mwanzo alisinzia mno, tukaogopa, kisha usingizi ukamwachia. Mofini hufunga choo, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku hiyohiyo. Sisi tulichelewa, ikawa mateso mapya.

Na harufu ya ugonjwa, kama ipo, uiseme, usione haya. Mama alikuwa anakataa wageni kwa ajili hiyo. Muuguzi alituelekeza kutumia vidonge vya metronidazole, dawa ya kuua bakteria wanaoleta harufu, vilivyosagwa, na haikupita wiki mashoga zake wa kikundi wakawa wanakaa naye kitandani wanacheka.

Tiba shufaa si ya siku za mwisho tu. Shirika la Afya Duniani lilishasema hivyo mwaka 2002, kwamba ianze mapema sambamba na tiba nyingine. Uganda wauguzi waliosomea tiba shufaa wanaruhusiwa kuandika mofini wenyewe. Natamani na wodi zetu zifike huko, maana usiku daktari hupatikana kwa shida.

Kesho nenda na daftari. Andika saa ya kila dozi na idadi ya vidole alivyoonyesha, kisha mpe daktari wa zamu alisome kabla hajamuuliza mama hujambo. Kama hapo mofini haipo, omba rufaa. Hospitali ya saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, wana huduma hiyo.