Eti nimekuja Uingereza au India?

Mdogo wangu kaandika kwenye grupu la familia, na mama mdogo kamuunga mkono: "Dada, kila picha yako nyuma kuna duka la sari, hivi umeenda Uingereza au India? Na lini unanifanyia mpango na mimi nije?" Nimetoka shifti ya usiku miguu imevimba ila najibu, maana nikinyamaza mtasema naringa.

Niko Leicester, Uingereza hiyo hiyo. Wahindi wapo wengi kweli, lakini wazee wao ukiwauliza walikotoka wengi hawakuambii Bombay, wanakuambia Kampala, Jinja, Mwanza. Mi kazi yangu kulea wazee, yaani kuogesha, kulisha, kubadilisha pampasi, ndo hiyo "ofisi" mnayoisikia. Sasa kuna bibi mmoja alikuwa anamfokea binti yake Kigujarati, katikati nikasikia "sufuria". Nikamuuliza bibi Kiswahili unakijua? Akaniuliza we wa wapi, nikasema Dodoma. Akaniambia "Mbukwa!", salamu ya Kigogo kabisa. Jamani nilikaa chini. Kazaliwa hapo hapo Dodoma mjini, baba yake alikuwa na duka, na ile Jamatini tuliyokuwa tunapandia daladala yeye anaijua kwa jamatkhana, walikokwenda kusali. Kwenye Kigujarati chake muhogo ni mogo, fagio ni fagio, kisu ni kisu. Na nyie mnaoniandikia "dada tuma laki mbili", hilo neno laki limetoka kwao, na neno gari, na bima.

Kina bibi waliondoka Tanzania baada ya 1971, serikali yetu ilipotaifisha majengo yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 (laki hiyo hiyo). Mwaka uliofuata Idi Amin akawapa Wahindi wa Uganda siku 90, zaidi ya 27,000 wakaja huku. Na Leicester hii mnayoiona inawaka taa za Diwali, halmashauri yake iliweka tangazo kwenye gazeti la Uganda Argus kuwaambia msije kwetu, kumejaa. Bibi akilikumbuka anacheka, anasema wengine ndo walijulia hapo kwamba kuna mji unaitwa Leicester. Wakaja, wakaingia viwandani, 1974 wale wa Imperial Typewriters, kiwanda cha mashine za kuchapa, wakagoma kwa kuona wanapunjwa bonasi kuliko wazungu, na chama cha wafanyakazi chenyewe kikawakataa.

Tulipokuwa wadogo si tulikuwa tunasema Mhindi bahili, anabebana na ndugu zake tu? Basi sisi Watanzania hapa tuko watano nyumba moja, tunacheza upatu, nafasi ya kazi ikitokea tunanong'onezana wenyewe kwa wenyewe Kiswahili ili Mnaijeria asisikie. Sijui sasa bahili nani.

Haya, mpango. Mdogo wangu, hakuna mpango. Viza ya kazi hii kwa anayeombea nje ilifungwa Julai 2025, kwa hiyo huyo anayekudai milioni tano hapo Dodoma anataka kukula hela. Na tangu Machi 2024 anayekuja kwa viza hii haruhusiwi kuleta mume wala watoto, mimi nilikuja mwisho wa mwaka huo, ndo maana wanangu wako kwa mama kule Makole, Dodoma, na wanamwita yeye mama. Kima cha chini kuanzia Aprili 2025 kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, mkizidisha kwa shilingi mnapiga vigelegele, ila mwajiri wangu wa kwanza aliniahidi saa 39 kwa wiki akanipa 16, na kodi ya chumba haikupungua hata senti.

Mama mdogo, bibi kaniagiza. Kuna mtu anasafiri mwezi ujao, naomba mlenda mkavu wa soko la Majengo, robo kilo tu, ila usiwe na mchanga, alisisitiza hilo mara tatu.