Filta ya Oili Haitaki Misuli

Jumamosi asubuhi nimepita Mikindani, hapa Mombasa, nikawakuta vijana wawili chini ya lori la Canter. Bisibisi imechomekwa kwenye filta kama mshikaki, oili nyeusi inamtiririka mmoja mpaka kwapani, na mwenzake kashika tambara, hajui aanze kufuta gari au kufuta mtu. Nilisema nitapita tu. Sikuweza. Kila mara ni mchezo huohuo, na kila mara mnaniambia, "Ami, imekataa kufunguka." Haijakataa. Ilifungwa vibaya, na aliyeifunga mara nyingi ni nyinyi wenyewe.

Hilo ndilo nataka mlishike, wadogo zangu mnaofanya sevisi uani kwa watu: uchafu wa leo ulipikwa kwenye sevisi iliyopita.

1. Bisibisi iwekeni kando. Ukiichoma, bati linachanika, kitako kinabaki kimeng'ang'ania injini, na sasa huna pa kushika. Spana ya cheni ipo, ya mkanda ipo. Kama huna hata moja, zungusha msasa kwenye filta, upande unaokwaruza ukiwa ndani, ushike juu yake kwa mikono miwili. Nyingi ya hizo "zilizokataa" hufunguka hapo.

2. Raba, ile pete ya mdomoni mwa filta inayozuia oili isivuje. Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Zamani nilipokuwa tanboi aliyejipandisha cheo mwenyewe kuwa fundi, nilimfanyia mzee mmoja sevisi ya Canter yake pale alipokuwa akiilaza, uani kwenye nyumba ya wapangaji wengi. Filta mpya nikaifunga kavu. Raba sikuipaka hata tone la oili. Halafu, kwa vile mzee alikuwa amesimama ananitazama, nikaikaza kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikanitoka. Mzee akasema, "Kijana huyu ana nguvu." Sifa hiyo niliilalia siku nyingi.

Sevisi nyingine ikafika. Filta ikafunguka kwa taabu, nikaitoa, nikaitupa kwenye karai bila kuitazama. Laiti ningeigeuza tu, ningeona mdomo wake hauna raba. Raba ilikuwa imebaki juu, imegandamana na kitako cha injini, pale inapokaa filta, nyeusi juu ya cheusi, imeokwa pale na joto la safari zote zile. Nami nikafunga filta mpya juu yake. Raba mbili, moja imekalia nyingine. Na safari hii nilikumbuka kupaka oili, basi nikajiona nimeerevuka kwelikweli.

Nikawasha. Injini ikanguruma polepole, nikalala chini nikachungulia: pakavu. Nikanawa kwa sabuni ya unga, nikamwambia mzee, "Tayari." Dereva akapanda, akatia rivasi, akakanyaga mafuta kidogo atoke langoni. Presha ikapanda, raba ya juu ikateleza ikachungulia nje upande mmoja. Sasa pampu ya oili kazi yake ni kusukuma, haiulizi inasukuma wapi. Oili ikapiga chasisi, ikapiga ukuta, ikapiga kanga zilizoanikwa, ikachora mstari kutoka uani mpaka katikati ya kichochoro, na dereva masikini bado macho yako kwenye vioo asigonge nguzo. Taa ya oili ilipowaka akazima. Injini ilipona, lakini kwa bahati, si kwa ufundi wangu.

Kanga zilikuwa za mama mwenye nyumba. Jozi moja mpya, ndiyo kwanza imefuliwa ipungue wanga. Hakunitukana. Aliniletea ndoo na brashi, akaleta na kiti, akakaa akanitazama nikisugua kabro mpaka adhana ya magharibi. Ningefurahi zaidi angenitukana. Kanga nililipa, na oili iliyomwagika mzee akaikata kwenye ujira wangu bila kusema neno kuhusu nguvu zangu.

Kwa hivyo: filta ikitoka, igeuze kwanza. Raba ipo? Haya, endelea. Haipo? Pitisha kidole kwenye kitako cha injini mpaka uikute, uibandue, kisha pafute kwa tambara lisiloacha nyuzi. Raba mpya ipake oili safi kwa kidole. Zungusha filta kwa mkono mpaka raba iguse, halafu ongeza kama robo tatu ya mzunguko, au vile ilivyoandikwa ubavuni mwa filta yenyewe. Kwa mkono. Spana ya filta ni ya kufungulia. Ukiwasha, ngoja taa ya oili izime, mwenzako apige resi kidogo huku wewe unachungulia. Kisha zima, subiri oili ishuke, upime tena, kwa sababu filta mpya nayo imekunywa fungu lake.

3. Upepo. Jambo hili halimo kwenye kitabu cha gari. Ukichomoa bolti ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, oili kwanza huruka mbali kwa ubavu. Sampu ikipungua, mkondo unarudi nyuma mpaka unadondoka wima. Karai ifuate mkondo, isikae ulipoitega mwanzo. Mwishoni inabaki nyuzi nyembamba tu, na hapo ndipo kusi inapowaadhiri. Juni hadi Agosti nimeona uzi wa oili ukipeperuka ukavuka ukingo wa karai na kuandika sakafuni, fundi yuko kando anakunywa chai akidhani kazi inaendelea. Simamisha kipande cha bati au katoni upande upepo unakotoka. Chai utakunywa baadaye.

4. Za haraka haraka. Zuia matairi. Lori liko juu tayari, jeki ya nini? Injini iwe ya uvuguvugu, si ile iliyotoka Mariakani sasa hivi. Oili ya namna hiyo inababua, na ekzosi iko karibu na kiwiko chako kuliko unavyodhani. Kabla ya kubinua kabini toa kila kitu kilichoko kwenye dashibodi (dafu lililonywewa nusu ni kitu). Bolti ya sampu iwekee washa mpya. Hakikisha filta mpya ni yenyewe kabla hujamwaga tone. Ilinganishe na ya zamani, raba kwa raba, uzi kwa uzi, maana ukikosea utakwenda Mwembe Tayari kutafuta nyingine kwa miguu.

5. Mafundi wa zamani walikuwa wakiivika filta mfuko wa plastiki, wanaifungulia humo humo. Tangu Agosti 2017 mifuko hiyo ni marufuku Kenya nzima, na mtungi wa mafuta ya kupikia wa lita tano ni bora zaidi. Ukate ubavu mmoja, mdomo wake uwe na kifuniko, uusukume chini ya filta. Legeza filta nusu mzunguko, acha. Acha, nimesema! Ijichuruzishe yenyewe mtungini. Ikikoma, malizia kwa mkono, na ikitoka tu igeuze mdomo juu, kwa sababu bado ina oili tumboni. Vumbi la mbao kutoka kwa seremala liwe limetandazwa tangu mwanzo. Si la kwenda kuombwa wakati oili inakimbilia mlangoni kwa jirani.

6. Oili chafu. Kisiwa chote hiki cha Mombasa, na Nyali pia, vimekaa juu ya jiwe la matumbawe lenye matundu tele. Ukimwaga nyuma ya choo hujaitupa, umeituma kisimani, na mnajua ni nyumba ngapi zinategemea kisima mabomba yakikauka. Mtaroni nako inaishia baharini. Filta ilaze kifudifudi kwenye karai usiku kucha ijichuje, oili yote chafu itie kwenye mtungi ule ilimotoka oili mpya, peleka gereji kubwa inayouzia wakusanyaji wenye leseni. Na mtungi uuandike kwa maandishi makubwa, OILI CHAFU, maana nimeshamzuia kijana mmoja akiwa ameuinamisha juu ya injini, anairudisha ndani.